Katekista wa kigango awekwe kwenye bajeti

Ndugu Mhariri,

Tumsifu Yesu Kristo.

Naomba nafasi nizungumze na wajumbe wenzangu wa halmashauri za walei, yaani waamini wasio mapadre wala watawa, katika parokia za vijijini. Tunapopanga matumizi ya mwaka, posho ya katekista wa kigango, yaani mwalimu wa dini katika kanisa dogo lililo chini ya parokia, itajwe kwa kiasi na kwa tarehe ya kulipwa, kabla hatujagusa fungu la sherehe.

Tunaosali vigangoni tunaijua kazi yake. Paroko mmoja ana vigango vingi, masika barabara hazipitiki, na Misa tunaipata mara moja kwa mwezi tukibahatika. Jumapili nyingine zote tuko na katekista. Ndiye anayeongoza Ibada ya Neno, anafafanua masomo, na pale aliporuhusiwa anawakomunisha waamini. Katikati ya wiki ana watoto wa Komunyo ya Kwanza na wa Kipaimara, jioni ana wakatekumeni, watu wazima wanaojiandaa kubatizwa, wanaotoka shamba wamechoka. Wachumba wakitaka kufunga ndoa, wanaanzia kwake. Mtu akifariki usiku wa manane, hodi inapigwa mlangoni kwake, na kesho yake ndiye anayeongoza mazishi. Mgonjwa akihitaji Mpako Mtakatifu, ndiye anayempigia simu padre, kwa salio lake mwenyewe.

Katika parokia ninayosali, katekista hupewa kinachobaki baada ya mahitaji mengine kutimizwa, na mara nyingi hakibaki kitu. Tumewahi kuchangia jubilei ya padre kwa kadi, kwa harambee na kwa mnada wa mbuzi. Silaumu, padre wetu alistahili. Lakini majuma yaleyale mke wa katekista alilazwa, na waliobeba gharama ni wanajumuiya waliochangishana nyumba kwa nyumba. Halmashauri haikuwa na fungu lolote la kumsaidia. Niliona uchungu, na bado ninao.

Najua jibu linalotolewa: ukatekista ni wito, ukiingiza fedha unauharibu. Hoja hiyo siikubali, kwa sababu Kanisa lenyewe halisemi hivyo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, katika hati ya Ad Gentes ya mwaka 1965, namba 17, unataka makatekista wanaofanya kazi hiyo kwa muda wote wapewe malipo ya haki yatakayowawezesha kuishi kwa heshima, pamoja na hifadhi ya jamii. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 231, inawapa walei walio katika huduma maalumu ya Kanisa haki ya ujira unaowatosha wao na familia zao, na inataja mpaka matibabu. Tarehe 10 Mei 2021 Papa Fransisko akaiweka rasmi huduma ya katekista. Maandiko yapo tangu zamani. Kinachokosekana ni mstari mmoja kwenye bajeti zetu.

Nasi wa upande huu wa Ziwa Tanganyika tungepaswa kuwa wa kwanza kuelewa. Adrian Atiman alizaliwa Mali, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari wa shirika la Mapadre Weupe na kusomea utabibu Malta. Alifika Karema mwaka 1889, na hapo ufukoni mwa ziwa akatibu wagonjwa na kufundisha dini hadi alipofariki mwaka 1956. Kaskazini mwa Uganda, Daudi Okelo alijitolea kwenda Paimol kushika nafasi ya ndugu yake katekista aliyefariki, akafuatana na kijana mdogo Jildo Irwa. Waliuawa huko mwaka 1918 kwa sababu ya kufundisha dini, na mwaka 2002 wakatangazwa wenye heri. Imani tuliyopokea imepitia mikononi mwa watu wa namna hiyo.

Nitaambiwa parokia ni maskini. Ni kweli, mwaka wa mvua mbaya hata zaka haifiki nusu. Basi tuanze na tulicho nacho. Kigango chenye ardhi kitenge shamba la katekista, jumuiya zilime kwa zamu, na mahindi yapelekwe nyumbani kwake wakati wa mavuno. Parokia imwandikishe bima ya afya pamoja na familia yake. Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) unapokea wachangiaji wa hiari kutoka sekta isiyo rasmi, kwa hiyo parokia inaweza kumchangia kila mwezi hata kama ni kidogo, ili akizeeka asibaki akitegemea huruma ya waliobatizwa utotoni chini ya uangalizi wake. Na posho yenyewe isainiwe kwenye daftari, siyo kupenyezwa mkononi baada ya ibada kana kwamba ni sadaka kwa fukara.

Tusipofanya hivyo tutabaki na wazee peke yao. Vijana tunaowapeleka vyuo vya makatekista wanarudi na moyo, wanafundisha mwaka mmoja au miwili, wanaoa, kisha wanakwenda mjini kuendesha bodaboda. Siwezi kuwalaumu, maana watoto wanataka kula.

Ndugu Mhariri, nina ombi pia kwa gazeti lako. Zipo parokia ambazo tayari zinawalipa makatekista wao kila mwezi. Tafadhali zitembeleeni, muulize fedha zinatoka wapi na zinasimamiwa na nani, mtuchapishie kabla halmashauri hazijakaa kupanga bajeti ya mwaka ujao.

Mjumbe wa halmashauri ya walei,
Rukwa