Kwa mpwa wangu anayesomea maigizo Marekani: Miller simwondoi

Mpwa wangu,

Ujumbe wako nimeupata, na ile picha ya orodha ya tamthilia za muhula nimeikuza kwenye simu hadi macho yakaniuma. O'Neill, Williams, Arthur Miller, Albee, kisha Miller tena: watunzi wazungu watupu, wanaume wote. Lorraine Hansberry, mwanamke mweusi, wamemtupa wiki ya kumi na tatu, wakati ambao, kama ninavyowajua wanafunzi, nusu ya darasa inawaza mtihani na nusu inawaza nauli. Unasema umeandika waraka ukitaka wazee hao wote waondolewe, na unataka mimi shangazi yako, niliyefundisha fasihi miaka thelathini, nikuunge mkono hadharani. Haya, hadharani ndiyo hapa. Nakuunga mkono nusu.

Miller simwondoi. Soma tamthilia yake Death of a Salesman ya 1949, kisha bila hata kuinuka ufungue A Raisin in the Sun ya Hansberry ya 1959. Kwa Miller, Willy Loman, muuzaji wa kusafiri, anajiua akitumaini familia italipwa bima ya dola 20,000, na mkewe anamwambia kaburini kwamba leo hii amemaliza kulipa deni la nyumba. Kwa Hansberry, baba ameshakufa kabla mchezo haujaanza. Kinachosubiriwa ni cheki ya bima yake, dola 10,000, na mama anataka kununua nyumba katika mtaa wa wazungu wasiomtaka. Kule nyumba imepatikana na mwenyewe hayupo. Huku watu wamejaa hadi mtoto analala kwenye kochi. Pesa ni zile zile za marehemu. Ukimwondoa Miller, utakuwa umemnyang'anya Hansberry mtu wa kubishana naye. Dai lako liwe kwamba hawa wawili wasomwe wiki moja, tena mwanzoni.

Na usidhani jambo hili limeanza na kizazi chako. Oktoba 1968, hapa Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba waliandika waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ya chuo ivunjwe. Hawakusema Shakespeare achomwe moto. Walisema Afrika ikae katikati, na wengine wote wasomwe kwa jinsi wanavyohusiana nasi. Huo waraka utafute kabla hujapeleka wako.

Aliyenikera kwa kukosekana kwenye orodha yenu ni Alice Childress, mtunzi mweusi wa Marekani. Mwaka 1955 tamthilia yake, Trouble in Mind, ilionyeshwa katika ukumbi mdogo New York. Waigizaji, weusi na weupe, wako mazoezini. Mchezo wanaoufanyia mazoezi umetungwa na mzungu, unalaani magenge ya wazungu yanayowaua watu weusi. Nia njema tele. Wiletta Mayer, mwigizaji mkongwe aliyezoea kucheka panapotakiwa kicheko na kulia panapotakiwa machozi, amepewa nafasi ya mama ambaye kijana wake anasakwa. Maandishi yanataka mama huyo amsukume mwanawe mwenyewe ajisalimishe. Wiletta anajaribu. Anarudia. Sauti haitoki vizuri, na mwongozaji anamwambia achimbe zaidi, atafute ukweli moyoni. Anauchimba, na ukweli wenyewe ni kwamba hakuna mama wa hivyo. Anapouliza kwa nini, yule mwongozaji muungwana anageuka mtu mwingine kabisa.

Sasa sikia kilichompata Childress mwenyewe. Waandaaji walitaka mwisho ulainishwe, watu watoke ukumbini wakitabasamu. Kwa onyesho la 1955 alikubali, na akajuta. Ilipotakiwa kupelekwa Broadway, kwenye majumba makubwa ya maonyesho ya New York, wakamrudia: rekebisha hapa, punguza pale. Safari hii alikataa, na ile nafasi ya 1957 ikapotea. Ndiyo maana mwanamke mweusi wa kwanza kuwa na tamthilia Broadway akawa Hansberry, miaka miwili baadaye. Childress alifariki 1994. Trouble in Mind ilifunguliwa Broadway Novemba 2021, ikiwa na mwisho alioutaka yeye.

Haya yananiuma kwa sababu nimewahi kuwa upande wa wabadilishaji. Shule moja niliyofundisha, wasichana wangu wa kidato cha tatu walitunga mchezo wa tamasha kuhusu pesa za basari zilizoliwa. Mwalimu mkuu akasema mwizi asamehewe mwishoni, wageni wasiudhike. Nikauandika upya usiku huo kwa kalamu nyekundu. Msichana aliyeigiza mama alikuwa akiyasema maneno yangu mapya huku akitazama viatu vyake. Tulifika hadi mkoani, na kombe liko kwenye kabati la shule mpaka leo.

Kwa hiyo mhadhiri wako usimrukie sana. Orodha yake ilichujwa kabla yeye hajazaliwa. Mchezo usiopata jukwaa kubwa haupati wahakiki, mchapishaji anasita kuuchapa, na mwalimu wa baadaye hawezi kufundisha asichokiona. Adrienne Kennedy, mtunzi mwingine mwanamke mweusi, alishinda 1964 tuzo ya Obie, ya maonyesho ya kumbi ndogo za New York. Mchezo wake wa kwanza kufika Broadway ulifunguliwa Desemba 2022, naye akiwa na miaka 91. Ulifungwa Januari.

Ndipo namwelewa August Wilson, mtunzi mweusi wa tamthilia. Katika hotuba yake ya 1996 alisema majumba ya maonyesho yaliyo katika LORT, umoja wa majumba ya kitaalamu ya Marekani, ni 66 na la weusi ni moja tu. Alikataa katakata dawa ya kuwapa waigizaji weusi nafasi za wazungu, na mfano aliotoa ni huo huo Death of a Salesman. Mwaka 2022 familia ya Loman ikawa nyeusi Broadway, Wendell Pierce akiwa Willy. Ningepata tiketi ningekwenda, sikufichi. Ila swali la Wilson lingebaki limenikalia kooni: jumba ni la nani, na funguo anazo nani?

(Kiswahili chetu, kwa taarifa yako, kimo Broadway tangu 1997, katika The Lion King. Kimewekwa vinywani mwa wanyama.)

Afrika yetu ya watu wazima imo pia katika tamthilia za Marekani. Lynn Nottage, mtunzi mweusi wa huko, alikwenda Uganda kuzungumza na wanawake waliokimbia vita vya Kongo, akatunga Ruined, baa ya Mama Nadi katika mji wa machimbo. Ilipata tuzo ya Pulitzer 2009, lakini Broadway haikufika; Nottage mwenyewe alifika huko 2017 kwa mchezo kuhusu wafanyakazi wa viwandani Pennsylvania. Huyu ungemdai kwa jina. Waraka wako unasema tu "sauti mbalimbali", na sauti mbalimbali hazina kitabu cha kununua.

Basi ufute uandike mwingine, kisha unitumie niusome kwanza. Na ukija Desemba niletee Trouble in Mind, nakala ya karatasi. Baba yako ameagiza viatu. Mwambie mzigo umejaa.

Shangazi yako