Asante mama wa Rau

Mama uliyemkuta mbwa wetu Popi akitetemeka mtaroni huku Rau, Moshi, usiku wa mkesha wa mwaka mpya, fashifashi zikilia kila kona, pokea shukrani zetu. Wengine wangeokota jiwe, tunajuana. Wewe ulichuchumaa pembeni, ukamwacha akunuse mkono, ukampitishia mtandio shingoni taratibu, ukamleta hadi getini. Tena ukatuelekeza: atembezwe kabla ya giza, alale chumba cha ndani, pazia zishushwe, redio iwashwe, na asikemewe akijificha uvunguni, maana masikio ya mbwa ni makali kuliko yetu. Hukutaja jina, na soda ukakataa. Ukipita tena, mtori upo.