Baba anasema nasomea kuwalinda tembo waliomaliza mpunga wetu

Shikamoo anti. Naomba usitaje jina langu wala chuo. Sijalala usiku kucha, naandika hivi wenzangu hosteli ndo wanaamka, nisamehe nikichanganya mambo.

Nasoma maliasili na uhifadhi chuo cha kulipia, naingia mwaka wa mwisho. Vyuo vya serikali nilikosa nafasi na mkopo wa bodi nikakosa pia, kwa hiyo ada anatoa baba, na baba ni mkulima Tunduru, ada yangu inasubiri mnada wa korosho kila mwaka. Sasa kwenye arobaini ya bibi watu wamekaa, masinia ya pilau yanapita, mzee mmoja akaniuliza mjukuu unasomea nini, sijafungua hata mdomo baba akadakia, "Huyu anasomea kuwalinda tembo waliomaliza mpunga wetu." Watu wakacheka. Mashangazi nao wakacheka. Anti, baba yangu mzazi.

Mi sijali watu kucheka. Ila alijua nilivyolala kwenye dungu na wadogo zangu tunapiga madebe mpaka asubuhi, mimi ndo nilikuwa nashika tochi. Tembo tunawajua kuliko hao waliocheka. Kwetu ni ushoroba, njia ya wanyama ya kutoka pori la Selous kwenda hifadhi ya Niassa kule Msumbiji, hao wanyama wanapita hapo tangu mababu, sikuwaleta mimi na chuo changu. Na nilimwambia baba kuhusu kamba za kupaka pilipili na oili chafu, na mizinga ya nyuki pembeni ya shamba, vya kuwazuia tembo, akanijibu oili ya kuzungusha ekari zote nitanunua mimi? Nikanyamaza, maana kweli hela sina.

Mama anasema baba alikuwa na uchungu tu, fomu za kifuta jasho, ile hela ya serikali kwa mkulima aliyeliwa mazao na wanyama, alijaza mwaka jana na hajaona kitu. Namwelewa. Darasani tumesoma kanuni za 2011, kwa kanuni hizo kile si fidia, wanahesabu kwa ekari na hakizidi ekari 5, hata ukiliwa 10. Sasa mtu amelima kwa kukopa, umwambie hivyo akuelewe vipi? Lakini si mimi niliyeandika hizo kanuni anti, kwa nini aniseme mimi mbele za watu?

Mjomba naye kapata pa kuingilia, anasema niache, nihamie ualimu atanisaidia, ati waliomaliza kozi yangu wako mtaani wanarifreshi Ajira Portal, tovuti ya kuombea kazi za serikali, na mtoto wa kike porini atafanya nini. Wakati mwingine naona bora nikubali yaishe. Halafu nakumbuka nimebakiza mwaka mmoja tu na GPA yangu ni nzuri, siachi, siwezi kuacha.

Kilichoninyima usingizi ni kwamba majina ya fildi yametoka jana na nimepangiwa halmashauri ya kwetu, kwa afisa wanyamapori. Kazi yenyewe ni kuzunguka naye vijijini kupima mashamba yaliyoliwa na kujaza zile fomu. Ina maana nitafika mpaka kwa baba, nimeshika GPS, nimuulize mzee ekari ngapi zimeliwa, mbele ya majirani wale wale waliocheka. Nikiandika nilichopima watasema nimembana, nikiongeza kidogo ni wizi na mimi siwezi. Nataka nikaombe nibadilishiwe, wanipeleke hata Mikumi. Lakini pia nataka niende, maana afisa akija huwa anakuta nyayo zimefutwa na mvua na mabua yamekauka, anakadiria tu kwa macho. Mimi najua mpaka wa shamba letu ulipo. Angalau safari hii lingepimwa sawasawa.

Baba hajui. Tangu arobaini tunasalimiana tu kwenye simu, shikamoo marahaba basi, na ada ya muhula ujao sijamtajia.

Nimwambie kabla, au anione tu nimeshuka kwenye gari la halmashauri? Na hivi ni sawa mimi kupima shamba la baba yangu au nimuombe afisa alipime mwenyewe? Mjomba usimjibu, huyo najua cha kumwambia. Barua ya fildi inatakiwa irudi ofisini Jumatatu, ukichelewa kunijibu nitakuwa nimeshaisaini.