Usiende Geneva kukaa kimya

Ujiji, Kigoma

Mwanangu,

Asalaam aleykum. Simu yako ilinikuta mwaloni Kibirizi, injini zinanguruma, nikashindwa kusema nililotaka. Kwa hiyo naandika.

Kwenye hicho kikao cha Umoja wa Mataifa huko Geneva, cha silaha za anga za juu, usiende kukaa kimya. Umesema ninyi ni wadogo kwenye msafara, kazi yenu kubeba mafaili na kuandika, na kwamba nchi yetu hata hivyo haina kombora la kufika huko. Hilo la mwisho ndilo limeninyima usingizi. Waliokwisha kupasua setilaiti zao wenyewe kwa kombora ni wanne tu: Marekani, Urusi, China na India. China walipopasua ya kwao mwaka 2007, vipande zaidi ya 3,000 vilibaki vikizunguka dunia, na vingi vingali huko. Urusi 2021 wakaongeza zaidi ya 1,500, hata wanaanga wa kituo cha anga cha kimataifa, Warusi wakiwemo, wakakimbilia kwenye vyombo vyao kujihifadhi. Kipande hakiulizi setilaiti ni ya nani. Mjomba wako usiku anarudi nchi kavu kwa GPS ya simu, na tahadhari ya upepo tunayoisikia redioni inatoka kwa watu wanaotazama mawingu kwa setilaiti. Nani kasema hayatuhusu?

Mkataba wa 1967 wa anga za juu nimeusoma kwenye karatasi ulizoacha juu ya kabati (ziko salama, ila ukurasa mmoja mama yako alifungia vitumbua). Unakataza kuweka silaha za nyuklia na nyingine za maangamizi kwenye njia ya kuizunguka dunia, na Mwezini unataka amani tupu. Vizuri. Lakini kombora la kawaida linalotoka ardhini kwenda kupasua setilaiti sikuliona mle. Wala setilaiti yenye mkono, ambayo leo inakarabati mwenzake na kesho inaweza kumvunja. Urusi na China walileta rasimu yao ya mkataba wa kukataza silaha angani 2008, wakaitengeneza upya 2014. Wamarekani wakasema haina njia ya kuhakiki na haigusi makombora ya ardhini. Wamarekani nao 2022 wakaahidi kuacha majaribio ya kupasua, na Desemba ile nchi 155 zikaunga mkono azimio la namna hiyo kwenye Baraza Kuu, azimio lisilomfunga mtu. Kisha Aprili 2024, azimio la kukumbushia tu lile katazo la nyuklia likafika Baraza la Usalama, Urusi ikalipiga kura ya turufu. Nyani haoni kundule, na hawa wote wana makombora.

Habari ya Ziwa Tanganyika kufungwa tusivue 2024 sikurudii, fedha ya unga ulituma wewe. Ila kwenye vikao hukuwepo. Tuliosema ni sisi wenye vipe, hizi boti za kuvulia dagaa, na hoja ilikuwa moja: Mkongo akivua, mimi nifunge kwa nini? Tulitulia tulipoambiwa nchi zote nne za ziwa zinafunga pamoja na doria itakuwepo. Akina mama waanika dagaa, ambao njaa iliwafika kabla yetu, walikaa nyuma na hakuna aliyewauliza. Mama yako alikuwa na neno kuhusu tarehe. Akaja kunieleza nyumbani usiku, na lilikuwa zito kuliko yote niliyoyasema mimi mchana kutwa.

Wewe umechukua kwake. Nyumbani unatubishia hadi sahani zinapoa, mbele ya wageni unainamisha kichwa. Aliyekuzoesha hivyo tumwache. Lakini huko usiiname. Kama hupewi nafasi ya kusema, mwandikie mkubwa wako kikaratasi umsogezee: nani atakagua, na asiye na roketi ana sauti gani? Ile pete ya chuma ya karibu kilo 500 iliyoanguka Mukuku, Makueni, kule Kenya, Desemba 2024 ilikuwa ya roketi, si silaha. Ilianguka kijijini kwa watu wasiorusha kitu.

Nimewatangazia wote hapa mwaloni kwamba binti yangu anakwenda Umoja wa Mataifa, hata wanaonidai. Kwa hiyo ukirudi na picha za ziwa la Uswisi tu, utaniaibisha.

Koti la marehemu babu yako limetolewa sandukuni, linanuka nondo lakini ni zito. Nimekufungia dagaa kilo mbili. Mama yako anasema uwanja wa ndege watazitupa, basi uliza kabla, bei ya sasa si ya kutupa. Bati la jikoni bado linavuja. Fundi alichukua nusu ya fedha na sasa hapokei simu. Mdogo wako ameanza tena habari za bodaboda na mitihani iko mlangoni. Mimi hanisikii, mpigie wewe kabla hujapanda ndege, tena umpigie jioni, asubuhi huzima simu.

Wasalaam,
Baba yako