Wakili aitwe kituoni, asisubiriwe siku ya hukumu

Mhariri,

Msimu wa korosho una kesi zake: magunia kupotea ghalani, watu kujeruhiana kwa ugomvi wa mipaka, vijana kukamatwa usiku mashambani. Kinachoniumiza ni kwamba familia nyingi za Newala, Tandahimba, Ruangwa na Nachingwea huanza kuchangishana fedha za wakili kijana wao akiwa ameshafungwa gereza la Lilungu. Hapo wakili hukabidhiwa mwenendo wa kesi uliokwisha kuandikwa, na mengi yaliyoharibika humo hayatengenezeki tena.

Kesi ya jinai huanzia kituo cha polisi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inatoa saa 4 za msingi za kumhoji mtuhumiwa, kuanzia alipowekwa chini ya ulinzi. Muda wa kumsafirisha hadi kituoni hauhesabiwi. Ofisa anayesimamia upelelezi anaweza kuongeza saa zisizozidi 8. Zikihitajika zaidi ya hapo, aombe kwa hakimu. Mtuhumiwa aonywe kwanza kwamba halazimiki kusema lolote, na aelezwe haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Anachosema huandikwa kama maelezo ya onyo, na karatasi hiyo ndiyo huwafunga watu wengi.

Maelezo yaliyochukuliwa nje ya muda, au kwa kipigo, yanaweza kukataliwa. Lakini pingamizi hutolewa pale pale shahidi wa polisi anapoomba yapokelewe kama kielelezo. Mahakama husimamisha kesi ya msingi na kuchunguza kwanza kama mtu alisema kwa hiari yake. Mshtakiwa asiye na wakili huulizwa, "Una pingamizi?" naye kwa hofu au kwa adabu hujibu, "Sina." Akija kulalamikia kipigo kwenye rufaa, ataambiwa hayo ni mawazo ya baadaye, yaani ameyabuni baada ya kesi kwisha.

Hatari ya pili ni siku ya kusomewa mashtaka. Kwa mazungumzo yetu ya kawaida mtu husema "ni kweli" akimaanisha tu kwamba tukio lilikuwepo. Mzee aliyezoea Kimakonde au Kimwera anaweza kusema, "Ni kweli nilimpiga, lakini yeye ndiye aliyenijia na panga." Huko si kukiri kosa, huo ni utetezi, na hakimu anapaswa kuandika kwamba amekana. Hata aliyekiri husomewa maelezo ya kosa, na inabidi akubali kila kiini cha kosa hilo ndipo atiwe hatiani. Nasisitiza jambo hili kwa sababu aliyekiri sawasawa kwa kawaida hawezi kukata rufaa kupinga kutiwa hatiani; hubakiwa na hoja ya adhabu peke yake.

Wakili mzuri wa jinai hufanya kazi kubwa kabla hajasimama mahakamani. Anaisoma hati ya mashtaka neno kwa neno: tarehe, mahali, mwenye mali, kifungu. Katika unyang'anyi wa kutumia silaha, hati isipomtaja aliyetishiwa, hiyo ni hoja nzito. Kisha anayalinganisha maelezo ya kwanza ya mlalamikaji polisi na ushahidi wake kizimbani. Shahidi akisema alimtambua mwizi kwa mbalamwezi chini ya mikorosho, maswali yanajulikana tangu shauri la mtu aitwaye Waziri Amani dhidi ya Jamhuri la mwaka 1980: alikuwa hatua ngapi, alimwona kwa muda gani, mwanga ulikuwa mkali kiasi gani, alimfahamu kabla? Na kama alimfahamu, mbona hakumtaja usiku ule ule kwa jirani au mwenyekiti wa kijiji? Jambo zito alilosema shahidi lisipoulizwa wakati wa kumhoji, mahakama huweza kuchukua kwamba mshtakiwa amelikubali. Mshtakiwa anayejitetea mwenyewe huachia mengi hapo: badala ya kuuliza, anabishana.

Wapo wanaosema kumtetea mtuhumiwa ni kumtetea mwizi. Sikubaliani nao hata kidogo. Katiba yetu inakataza mtu kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitishwa, na mzigo wa kuthibitisha uko kwa Jamhuri, yaani upande wa mashtaka.

Wakili halali amesoma shahada ya sheria, akapita mafunzo ya vitendo, akaapishwa na Jaji Mkuu, na analipia leseni kila mwaka. Mahakama ina mfumo kwenye intaneti wa kuhakiki jina lake, hivyo kishoka hugundulika kwa dakika chache. Muulize pia amesimamia kesi ngapi za jinai, maana hodari wa mirathi na ardhi huenda hajawahi kumhoji daktari juu ya PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi. Dai risiti na makubaliano ya maandishi. Anayekuahidi ushindi, au kukwambia hakimu ni mtu wake, mwache.

Asiye na uwezo asikate tamaa. Kwenye kesi ya mauaji Mahakama Kuu, mshtakiwa hupewa wakili kwa gharama za serikali. Kwa makosa mengine, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inamruhusu kuomba, na ni vema aombe mapema, mbele ya hakimu. Akihukumiwa na mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, taarifa ya nia ya kukata rufaa itolewe ndani ya siku 10 na rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Kutoka mahakama ya mwanzo kwenda ya wilaya ni siku 30.

Ndugu mkiwa bado hamjampata wakili, chukueni daftari. Andikeni saa aliyokamatwa, mahali, nani alishuhudia, alifikishwa kituo gani na saa ngapi, na kama mlimkuta na majeraha. Wakili atakapofika, ataanza na daftari hilo.

Wakili wa kujitegemea,
Masasi, Mtwara