"Mama, kizazi unacho?"

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili kuhusu dawa za homoni kwa wanawake waliokoma hedhi nimeisoma nikiwa kwenye cherehani, nikairudia usiku. Mmeandika kwamba homoni huleta saratani ya matiti, mkaishia hapo. Homoni ipi? Kwa nani?

Nina miaka 53. Hedhi ilipokoma likaja joto, linapanda kutoka kifuani hadi usoni, na usiku mmoja nabadilisha kanga mara mbili. Wateja wakiniona natiririka jasho hata Julai yenye ubaridi, walidhani malaria. Dada yangu aliye Muscat akanihurumia, akanigawia vidonge vyake vya homoni iitwayo estrojeni. Joto likatulia. Mwezi wa nne wa kuvimeza nikaona damu.

Daktari hakuanza na matiti. Aliniuliza, "Mama, kizazi unacho?" Ninacho. Dada alitolewa chake kwa sababu ya uvimbe, ndiyo maana alipewa estrojeni tupu. Kwa mwenye kizazi, estrojeni peke yake hunenepesha ukuta wa ndani, na saratani inaweza kuanzia hapo. Huongezewa projestini, homoni ya pili, ili kuukinga. Nilikatwa kinyama kidogo kikapimwa. Alhamdulillahi, kilikuwa salama.

Tuje kwenye matiti. Utafiti mkubwa wa Marekani uliositishwa Julai 2002 ulihusu dawa hizo mbili zikiwa pamoja, kwa wanawake wa miaka 50 hadi 79. Kwa mwaka, katika kila wanawake 10,000 waliomeza dawa, 38 walipata saratani ya matiti. Waliopewa vidonge visivyo na dawa, 30. Wanane zaidi. Ukiwa mmoja wa hao wanane si jambo dogo, lakini si kwamba kila anayemeza ataugua, kama alivyoelewa jirani yangu. Na waliokwisha kutolewa kizazi, ambao utafiti huo uliwapa estrojeni peke yake, saratani ya matiti haikuongezeka kwao.

Mimi nimeamua kuvumilia joto, maana mama yetu mdogo alikufa kwa saratani ya titi, na hilo nimeliamua mbele ya daktari. Jirani yangu aliamua mbele ya gazeti lenu: Jumatatu asubuhi vidonge vyake alivitupa chooni. Naye alitolewa kizazi mwaka juzi.

Mkiandika tena, mtafuteni daktari wa wanawake. Anzeni na lile swali.

Fundi cherehani,
Ngamiani, Tanga