Jumamosi: kupima maji kupwa na kujaa, ufukwe wa Bagamoyo

Walimu, habari za jioni. Jumamosi itakuwa siku ya pili baada ya mwezi mpevu, bado bamvua (siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida), na maji yatakuwa yamekupwa kabisa karibu saa 5 asubuhi. Tukutane ufukweni saa 3 kasoro.

Mti wa kupimia uwe wa mita 2, alama kila sentimita 10, uchimbiwe nusu mita. Mtu mzima ausimike penye maji ya mapajani. Ukiwekwa karibu na nchi kavu, baada ya muda mfupi utabaki mchangani na hamna cha kupima. Someni kila dakika 15: andikeni kilele cha wimbi na bonde lake, kisha mchukue katikati. Kuelekea saa 5 vipimo vitakaribiana sana. Wanafunzi wasivifute! Maji hupunguza mwendo yakikaribia kugeuka, na hilo ndilo tunalotaka walione.

Waulizeni pia kwa nini mashua zimelala ubavu mchangani, na zitaelea saa ngapi.

Saa 5 na nusu wote wawe wamerudi juu. Maji yakianza kujaa hutangulia kwenye vifereji, yakamzunguka mtoto kwa nyuma.